Makofi kwa Mfalme Kutu

Mfalme Kutu alipopiga magoti jukwaani, ukumbi mzima ulilipuka kwa makofi. Kila shabiki wa gemu aliyefika kwenye tamasha hilo la kuigiza wahusika aliijua hatua ile ya mwisho, adui mkuu anapoanguka akijishika koo. Waliinua simu, wakashangilia. Alipolala kimya ndipo dada yake, fundi cherehani aliyemshonea vazi, alipopanda kumfungua kofia. Kijana alikuwa ameshakata roho.

Inspekta, mama wa makamo asiyejua gemu hata moja, aliikagua kofia mchana uleule kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Ilifunika kichwa mpaka shingoni, vifungo viko kisogoni. Kwa glavu za makucha za vazi lile, mvaaji asingeweza kujifungua. Kwa ndani, matundu ya hewa yalizibwa na kipande cha ngozi nyeusi, kimeshonewa kwenye bitana kwa mishono midogo iliyolingana kama punje za mtama.

Wote walimnyooshea kidole mpinzani wake, kijana aliyeitwa Gundi.

"Jana ulisema utamzima," Inspekta alimwambia.

"Kwa vazi langu, afande! Tunataniana hivyo kila mwaka." Machozi yalikuwa yamechuruza rangi usoni mwake.

"Unajua kushona?"

Gundi aligeuza koti lake nje ndani. Lote lilikuwa limebandikwa. "Mimi na sindano ni mbingu na ardhi. Jina hili nililipataje?"

"Kofia ilikuwa wapi kabla?"

"Kwa dada yake. Ndiye humvalisha." Akasita. "Afande, Kutu hufa akiwatazama watu. Leo aligeukia pembeni. Sikuelewa."

Inspekta alitazama video za mashabiki, kisha akamwendea dada nyuma ya jukwaa.

"Kofia ililala kwako. Mishono ni ya fundi. Na ndugu yako alikuwa akitambaa kuja pale uliposimama."

Dada alikiri.

"Mama alipozidiwa, nilimpigia simu mdogo wangu. Akanijibu kwa sauti ya Kutu, wenzake wakicheka: 'Mfalme haitwi.' Akakata. Mama akafa macho yakiwa mlangoni."

"Ndiyo maana ukamuua?"

"Nilitaka ahangaike tu, mbele ya hao aliowapenda kuliko sisi, kisha nimfungue. Alipoanguka nikasema asubiri kidogo, kama mama alivyosubiri. Kidogo tu, afande. Akaninyooshea mkono. Na wao wakazidi kupiga makofi."

Inspekta alimfunga pingu, akazifunika kwa mtandio wake.

Mlangoni mashabiki walikuwa wamejipanga na maua, hawajui lolote. "Pole, dada," walimwambia mmoja mmoja. Msichana mmoja aliyevaa taji la karatasi akamkumbatia.

"Alikuwa akikutaja kila mara," alisema. "Juzi alituambia anaona aibu kuja nyumbani tangu mama afariki. Eti hajui aanzie wapi kukuomba radhi."

Dada akaporomoka. Inspekta akamdaka, na watu wakasogea kuwasaidia.