Mdanzi Usio na Midomo

Kila Ijumaa, baada ya kuosha vyombo vya kuskusi, Mongia aliupaka mdanzi wake, mti wa machungwa machungu, mafuta ya zeituni. Jani kwa jani, juu na chini. Marehemu mumewe, Hedi, ndiye aliyeupanda pale uani, na kila mwaka maua yake yalichemshwa kupata maji ya maua. Mwaka jana mpita njia mmoja aliusifu sana bila kusema mashallah. Mongia aliogopa kijicho, ndipo akaanza kuupaka mafuta ili kuukinga.

Sasa majani yalikuwa yanadondoka. Hakukuwa na upepo. Hata nguo kwenye kamba hazikutikisika, lakini majani yalidondoka, moja baada ya jingine. Wajukuu walikataa kucheza pale.

"Mti huu una wenyewe," alisema mwanawe, Ridha, shoka mkononi. "Naukata leo."

"Nikate mimi kwanza!"

"Mama, unaupamba kama bibi harusi, na bado unakufa!"

Jirani yao Emna, mwalimu wa sayansi, alisikia kelele. Akaja na hadubini ya shule na jani la mdanzi wa kwake. Alichuma na jani la Mongia. Akayapaka yote mawili, upande wa chini, rangi ya kucha iliyo angavu kama maji. Ilipokauka, aliibandua kwa utepe wa gundi na kuibandika kwenye vioo vya hadubini.

"Anza na langu, Mama Mongia."

Mongia aliinama, akaruka nyuma. "Mungu wangu! Midomo!"

Ilikuwa mingi mno. Midogo, imeachama, kama inataka kusema neno.

"Kila mdomo ni seli mbili. Zinafunguka na kufungika. Hapo ndipo jani linapopumulia. Sasa tazama lako."

Ngozi tupu. Uso usio na mdomo. Mongia aliinua macho.

"Midomo yake iko wapi?"

"Ipo, mama. Mafuta yameiziba."

"Kumbe ni mkono wangu!" Mongia akalia. Ridha aliweka shoka chini, akaenda kuleta ndoo.

Waliyaosha majani kwa maji na sabuni kidogo, wakayasuuza.

"Yakichipua mapya, usiyapake kitu," alisema Emna. "Kijicho kiombee dua."

Mwaka uliofuata mdanzi ulichanua, na maji ya maua yakapatikana. Wajukuu wamerudi uani. Lakini Mongia akipita chini ya mti huo huweka mikono nyuma. Anajua midomo yote ile iko wazi juu ya kichwa chake.

"Pumueni," hunong'ona. "Pumueni."