Mbegu za Dawa Ndani ya Kayamba

"Mutoto wa myezi tisa anachezaka na mukono ao na kinywa?"

Swali hilo bibi mzee jirani yao, Koko Cansilde, alimwuliza Nabintu jioni moja, ameegemea uzio wa matete na kikapu chake kitupu kwapani. Nabintu alikuwa ametoka shule, amechota maji, amebandika maharagwe, na sasa alikuwa ameketi mlangoni akisuka mwanasesere wa nyuzi za mgomba.

"Na mkono, Koko," alijibu bila kuinua kichwa. "Nani anacheza na mdomo?"

Koko Cansilde alinyoosha mkono, akamchukua yule mwanasesere, akamtia mguu mmoja kinywani mwake mwenyewe. Akatafuna taratibu, kama ng'ombe wa malisho ya Endiinzi anayecheua mchana. Alipomtoa, mguu ulikuwa umefumuka na nyuzi zimenasa kwenye meno ya Koko.

"Ona," alisema. Akamrudisha akiwa amelowa mate, akaenda zake.

Nabintu alibaki ameshika mwanasesere wa mguu mmoja. Alikuwa amemhangaikia tangu juzi. Tena hakuwa mwanasesere wa kuchezea hivi hivi, bali zawadi. Mama mdogo wake, Olga, aliyekuwa akishona nguo mjini Mbarara karibu na kambi ya askari ya Makenke, alikuwa amejaliwa mtoto baada ya miaka mingi ya kungoja na kuomba. Jumapili hiyo mtoto huyo, Elisée, sasa wa miezi tisa, angepelekwa mbele ya kanisa abarikiwe, na kila ndugu angekuja na kitu mkononi. Nabintu alikuwa amemwomba mama yake amwachie atengeneze zawadi yake mwenyewe. Mbarara kuna maduka yaliyojaa vitu vya watoto vinavyong'aa. Alitaka chake kiwekwe katikati ya hivyo, na mtu asicheke.

Kesho yake shuleni alimweleza Gad, aliyekaa naye dawati moja.

"Kwa hiyo Koko amekula mwanasesere wako," Gad alisema. "Alikuwa mutamu?"

"Acha ujinga. Nisaidie."

Gad alikuwa fundi wa magari ya waya, hata watoto wa zoni nyingine za kambi ya wakimbizi ya Nakivale walimfahamu. Baada ya masomo walikaa nyuma ya darasa wakakunja waya, wakatengeneza lori lenye magurudumu ya vifuniko vya chupa. Lilikwenda vizuri hata kwenye mchanga. Nabintu alilibeba nyumbani akiimba.

Koko Cansilde alikuwa uani, amekuja kuomba moto. Alilipokea lori, akaligeuza huku na huku, akapitisha kidole kwenye ncha ya waya palipokuwa na usukani. Akauliza, "Na jicho lake, utamununulia ingine fasi gani?"

Nabintu alimnyang'anya lori. Mama yake, Goretti, alimtazama kwa ukali. "Nabintu. Huyo ni koko yako."

"Mama, yeye haelezi kitu. Anauliza tu. Kila siku anauliza, kisha anaharibu."

"Anawajua watoto. Sisi tukiimba kwaya, nani anabaki na vichanga kule nyuma kwenye mkeka? Si yeye? Muulize vizuri, atakwambia."

Nabintu hakuuliza. Alikwenda kukaa nyuma ya nyumba, akalitupa lori chini ya mhogo. Usiku, wakati wa kula, mama alimpa kipande cha kitenge kilichobaki aliposhona sketi. "Shona mpira," alisema. "Ujaze matambara safi ndani. Mtoto ataukumbatia."

Mpira wa matambara. Nabintu alikaribia kulia. Nani asiyekuwa na mpira wa matambara katika kambi hii? Angeupeleka Mbarara, uwekwe kando ya magari yenye taa, watu waseme, maskini, hawa wa Nakivale wameleta walichokuwa nacho. Alikikunja kile kitenge akakiweka chini ya mto, akageukia ukutani.

Siku ya pili yake mama alikwenda kwenye maombi ya wajane. Nabintu alibaki peke yake, akiufagia uwanja kwa hasira, ndipo alipokumbuka kopo lililokuwa juu, kwenye boriti. Ndani yake mlikuwa na mbegu za mahindi ambazo mama alizihifadhi akingojea mvua. Hazikuwa mbegu za kienyeji. Zilikuwa zimepakwa dawa ya kuua wadudu, na dawa hiyo ilizipa rangi ya waridi iliyokolea, nzuri kuliko shanga. Mama alikuwa amewaambia wote nyumbani: mbegu hizi haziliwi, hazipewi kuku, na ukizishika unanawa.

"Sizili," Nabintu alijiambia. "Wala Elisée hatazila. Zitakuwa ndani."

Alichukua chupa ndogo ya plastiki iliyo wazi kama kioo, akaiosha, akamimina humo mbegu konzi moja. Akachonga kijiti laini cha kushikia, akakisukuma mdomoni mwa chupa, akakifunga kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Alipoitikisa ililia cha, cha, cha, na rangi ile ikaruka ndani kama ndege wadogo. Hakuwahi kutengeneza kitu kizuri kama kayamba hiyo.

Mara akasikia kikohozi kwenye uzio. Kabla Koko Cansilde hajaingia, Nabintu alikuwa ameshaificha kayamba ndani ya kile kitenge.

"Leo umetengeneza nini?" Koko aliuliza.

"Hakuna, Koko."

Koko alimwangalia, akaangalia kitenge mapajani mwake, akachota moto wake.

Jumamosi walipanda gari, wakabadilisha gari njiani pale Kaberebere, wakafika Mbarara jioni. Jumapili, Elisée alibarikiwa. Baada ya ibada ndugu na majirani walijazana sebuleni kwa mama mdogo Olga, na mtoto akawekwa juu ya mkeka, zawadi zikapangwa mbele yake.

Mume wa Olga, Kizito, Mganda na fundi wa pikipiki, alikuwa amenunua gari kubwa la betri. Aliliwasha. Lilipiga muziki, likawaka taa nyekundu, likajizungusha lenyewe. Elisée alilitazama kwa macho makubwa, kisha akaangua kilio.

"Basi nunua na pamba za kuziba masikio," alisema askari mmoja wa Makenke, rafiki yake Kizito, na watu wakacheka. Kizito akalizima.

Ndipo Nabintu akatoa kayamba. Cha, cha, cha. Elisée alinyamaza. Akanyoosha mikono yote miwili.

"Nyabo, hii umetengeneza wewe?" Kizito aliuliza, akimwita bibie kwa Kiganda. "Na mikono yako? Mimi nimetoa pesa, mtoto analia. Wewe umeleta chupa, mtoto anacheka."

Olga alimkumbatia Nabintu. Wanawake waliokuwa mlangoni waliipitisha kayamba mkono kwa mkono, wakaisifu rangi yake, kisha wakamrudishia mtoto. Hata mama yake Nabintu, aliyekuwa jikoni akipakua wali, alisikia sifa zile akidhani ni za mpira wa kitenge, akatabasamu. Nabintu alitamani Koko Cansilde angekuwapo aone.

Furaha hiyo ilidumu mpaka sahani zilipoanza kugawiwa. Elisée aliitikisa kayamba mara chache tu. Kisha akaigeuza, akatia kijiti mdomoni, akaanza kukiguguna kwa fizi, kwa kuwa meno yalikuwa yanamwota. Aliguguna, akafyonza, akavuta. Mate yalitiririka kwenye kifungo. Nabintu aliyaona, na swali la Koko likamjia kichwani, lakini hakuinuka upesi. Mpira wa baiskeli ukateleza. Kijiti kikachomoka, mbegu zikamwagika mkekani, na Elisée akazishika konzi nzima.

"Ni pipi?" mwanamke mmoja aliuliza.

"Hapana, ni mahindi tu," Olga alisema, akaanza kuziokota bila haraka. "Yamepakwa rangi. Hayana neno."

Mbegu moja ilikuwa imeshagandama kwenye mdomo wa chini wa mtoto.

Nabintu alijua kwamba angeweza kunyamaza. Hakuna aliyezijua mbegu zile isipokuwa mama yake, na mama alikuwa jikoni. Zingeokotwa, zingetupwa, na sifa zake zingebaki palepale.

"Mama mdogo, siyo rangi," alisema. Hakuna aliyemsikia. Aliruka juu ya sahani, akaifuta ile mbegu mdomoni mwa mtoto kwa upindo wa gauni lake. "Siyo rangi. Ni dawa ya wadudu. Ni mbegu za kupanda za mama. Mimi ndiye niliyezichukua."

Papo hapo kila mtu akafanya lake. Olga alimfungua mtoto kiganja, kidole kwa kidole. Mama Goretti alitoka jikoni na maji na sabuni, uso wake umebadilika. Kizito alichukua ile chupa na mbegu zilizobaki.

"Amemeza?" alimwuliza Nabintu. "Wewe sema kweli tu. Mimi sipigi mtu."

"Sijui, baba mdogo. Nimeona moja tu mdomoni. Kama kuna nyingine, sijui."

Kizito aliwasha pikipiki, Olga akapanda nyuma na mtoto, wakaenda zahanati. Nabintu alibaki akifagia mkeka. Mama yake aliinama kando yake, wakaokota mbegu pamoja, mama akazifunga kwenye mfuko wa kurudi nao.

Waliporudi, giza lilikuwa linaingia. Elisée alikuwa amelala begani kwa mama yake. Muuguzi alikuwa amemwosha mikono na kinywa, akamchunguza, akamweka hapo kwa muda mrefu akimwangalia, na hakuona dalili mbaya. Alisema ilikuwa vizuri sana kwamba mtu alizitambua zile mbegu mapema, na kwamba chupa ililetwa.

Kizito alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Baada ya muda akalivuta lile gari lake la betri, akaligeuza tumbo juu. Kifuniko cha betri kilifunguka kwa kucha tu. Akazitoa betri moja moja, akazitia mfukoni. "Na mimi pia," alisema, kama anayejisemea. "Mimi pia sikuangalia."

Nakivale walirudi kesho yake. Jambo la kwanza Nabintu alilofanya ni kuzirudisha mbegu ndani ya kopo kwenye boriti mbele ya macho ya mama na kunawa mikono. La pili, alikitoa kile kitenge alichokuwa amekirudisha chini ya mto.

Mpira wa matambara alioudharau ulimtesa kuliko lori na mwanasesere. Alishona upande mmoja, ukapinda. Aliufumua. Alishona tena, mishono ikawa mipana kiasi cha kupitisha kidole. Akaufumua tena, akamrukia Gad aliyekuja kumcheka.

"Si useme tu kwamba hujui kushona," Gad alisema.

"Sijui kushona. Umefurahi? Sasa nishikie hapa."

Gad alishika. Safari hii alishona mishono midogo, ya kwenda na kurudi, kama mama alivyomwonyesha. Hakutia macho ya vifungo wala utepe. Ndani alijaza matambara yaliyofuliwa, yakakauka juani. Alipomaliza hakungoja kikohozi kwenye uzio. Alikwenda mwenyewe kwa Koko Cansilde, akamkuta akimbembeleza mjukuu wake aliyekuwa akilia kwa sababu ya meno.

"Koko," alisema, "uliniuliza swali. Ni na kinywa."

Koko alimpa binti yake yule mjukuu, akamfuata Nabintu mpaka uani kwao, ambako Mama Goretti alikuwa akipepeta maharagwe. Akaupokea mpira. Akautia kinywani, akauma, akavuta kwa mikono miwili mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akauloweka kwenye beseni, akaukamua, akautazama kama umetoa rangi. Haukutoa. Akauangusha chini, ukajiviringisha mpaka kwenye mguu wa Gad, naye Gad akaurudisha kwa teke dogo.

Mama Goretti aliweka ungo chini.

"Nabintu, sikiliza, na wewe Gad," alisema. "Mtu mzima ukimpa kitu kibaya, atakiweka kando. Mtoto mchanga hajui kuweka kando, anakitia mdomoni, kwa kuwa hivyo ndivyo anavyoijua dunia. Kwa hiyo anayechagua ni sisi. Kabla hatujauliza kama kinang'aa, tuulize kama kitamdhuru, na kama kitamwachia nafasi ya kucheza mwenyewe. Lori lenu si baya, lakini ni la mtoto wa shule. Halafu kuna jambo la pili. Ulipoambiwa kasoro ya kazi yako, uliificha kazi badala ya kuirekebisha. Hapo ndipo ulipokosea zaidi. Lakini Mbarara ulisema kweli ilipokuuma kuisema, na Mungu alimlinda yule mtoto kwa kinywa chako. Mama mdogo wako Olga amepiga simu asubuhi hii. Elisée hajambo. Nilimwambia unashona mpira, naye anatania kwamba Elisée anauliza uko wapi."

Nabintu aliinamisha uso. "Huu hapa, mama. Tutautuma kesho."

Aliunyooshea mkono. Koko Cansilde alikuwa bado ameushika, akiuminya polepole, akisikiliza kilio cha mjukuu kilichovuka uzio.

"Koko, huo ni wa Elisée," Nabintu alisema.

"Kitenge kimebaki," mama alisema kwa sauti ya chini. "Utashona mwingine."

Koko Cansilde aliufuta mpira kwa upindo wa kitambaa chake, akautia kwapani mahali pa kikapu, akatoka. Punde, upande wa pili wa matete, kilio kikakatika.