Aliyemfunga Bashiri

Mezani palikuwa na chaja, simu, pochi na fungu dogo la unga mweupe. Kishikwambi hakikuwepo.

Inspekta Getruda alisimama mlangoni mwa chumba hicho cha nyumba ya wageni mjini Ruangwa, wala hakuingia upesi. Alikuwa na desturi ya kukiacha chumba kimzoee kwanza. Nje, ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala juu ya mikorosho. Harufu ya maua yake ilipenya dirishani, tamu na nzito, kama mtu anayetaka kukusimulia ndoto yake lakini ameisahau nusu.

Kitandani alikuwa ameketi binti mwembamba mwenye macho mekundu. Jina lake Teddy. Chuo kimoja cha Nachingwea kilimtuma kuwafuatilia wahitimu wake: nani amepata kazi, nani amejiajiri, nani bado yuko nyumbani kwao. Majibu yote aliyokusanya, kuanzia Lionja mpaka Malolo, yalikuwa ndani ya kishikwambi hicho. Hayajatumwa chuoni, maana mtandao wa vijijini ni wa kubahatisha.

"Ulikiacha wapi?"

"Hapo mezani, afande. Jana jioni nikatoka kwenda kula. Kurudi, hakipo."

"Mlango?"

"Nilitia ufunguo."

"Mkubwa wako anasemaje?"

"Anasema kisipopatikana mpaka Jumatatu, nisirudi. Na atatangaza kwamba nimekiuza. Hii ndiyo kazi yangu ya kwanza tangu nimalize masomo, afande. Nikishaitwa mwizi, nani atanichukua tena?"

Inspekta akamwekea mkono begani, akauacha hapo kitambo.

Koplo Teofili alikuwa amepiga magoti akipakaza poda kwenye kitasa. "Hakijavunjwa, afande. Alama za vidole ni nyingi mno, nusu ya mkoa imelala humu. Ila huu unga..." Akauinamia. "Si salfa ya kupulizia mikorosho huu?"

"Salfa ni ya njano, Teofili."

"Basi dawa za kulevya."

"Hebu usitupeleke magazetini bure." Inspekta alichukua sampuli kidogo kwa ncha ya kalamu, akaiangalia kwenye mwanga. Ulikuwa unga wa mtama. Tena haukumwagika. Aliyeuweka aliuweka kwa vidole, taratibu, ukasimama kama kilima. Akautia ndani ya bahasha, kisha macho yake yakahamia kitandani. "Nguo hizi nani alizikunja?"

Teddy akaziangalia kana kwamba ndiyo kwanza anaziona. "Nilizianika uani. Nilikuta zimekunjwa hapo."

"Kwa hiyo mwizi alizianua zisipate umande?"

Teofili akacheka. "Mwizi gani huyu, afande? Angecheleweshwa kidogo angedeki na sakafu."

Inspekta Getruda hakucheka. Alizigusa nguo zile. Zilikuwa zimekunjwa kama mama anavyokunja nguo za mtoto anayekwenda shule ya bweni, pindo juu ya pindo.

* * *

Kabla ya saa sita, Teofili alikuwa ameshamleta mtuhumiwa kituoni. Jastin, dereva wa bodaboda, mhitimu wa stashahada ya ualimu. Kijiweni walisikika wakisema aligombana na Teddy mbele za watu.

"Ulimtishia?" Inspekta aliuliza.

"Nilimwambia nitakitupa mtoni kile kidude chake."

"Kwa nini?"

"Afande, alikuja kijiweni akaita kwa sauti, 'Nani hapa ni mhitimu Jastin?' Akaniuliza mbele ya wenzangu kama nimeajiriwa. Mpaka jana nilikuwa Jastin. Sasa mimi ni Mhitimu. 'Mhitimu, nipeleke sokoni.' 'Mhitimu, pikipiki yako ina shahada?'"

Teofili aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilimpeleka mama mjamzito hospitali. Nikakaa naye mpaka ndugu zake walipofika."

"Ulimtoza nauli?"

"Nauli, afande? Mtu analia kwa uchungu?"

Inspekta akapiga simu wodini. Muuguzi akathibitisha: kijana mwenye koti la kijani alikuwepo, na alimshikia mgonjwa kikombe cha uji. Mtoto amezaliwa salama.

"Mwachie," Inspekta alisema. "Na mpe chai kwanza. Amekuja hapa na njaa."

"Asante, afande." Jastin alisita mlangoni. "Huyo dada... akikipata kidude chake, mwambie aniandike vizuri."

* * *

Alasiri, Inspekta alimketisha Teddy kwenye baraza ya nyumba ya wageni. Vumbi la jua la mwezi wa saba lilikuwa linaelea hewani bila kutua, na mji wote ulionekana kama unasinzia macho wazi.

"Nisimulie jana yote," alisema. "Siyo ulichofanya tu. Na ulichosema, neno kwa neno."

"Asubuhi nilikwenda kijiweni. Mchana nikarudi, nikakaa hapahapa kuongea na mkubwa wangu kwa simu. Aliniuliza wamebaki wangapi. Nikamwambia, 'Bashiri wa Chunyu nimeshamfunga. Bado Habibu wa Malolo, naye nikimkosa kesho namfunga.'"

Inspekta aliinua kichwa. "Unamfunga?"

"Ndivyo tunavyosema kazini, afande. Ukimpigia mtu simu mara tatu hapatikani, unalifunga dodoso lake, unaendelea na mwingine. Kuna kitufe kabisa kimeandikwa 'Funga'."

"Ulisema kwa sauti?"

"Mtandao ulikuwa unakatika. Nilipaza."

"Nani alikuwa karibu?"

"Hakuna mtu. Mama Mwamini tu, anayefanya usafi. Alikuwa anafagia, fagio likamponyoka." Teddy akatabasamu kidogo. "Huyo ananipenda. Ananiita mwanangu. Kila asubuhi ananichemshia maji ya kuoga, wala simwombi."

Ndani ya Inspekta Getruda kitu kilikaa mahali pake, kimya, kama jani linapotua majini. Alikulia katika vijiji hivi. Huku, kijana akisoma akamaliza, kisha kila mlango ukamgomea, watu hawasemi hana kazi. Wanasema amefungwa. Na penye aliyefungwa, yupo aliyemfunga.

"Mama Mwamini yuko wapi leo?"

"Aliomba ruhusa jana. Alisema kwao kuna mgonjwa."

"Kwao wapi?"

Msimamizi wa nyumba ndiye aliyejibu kutoka dirishani: "Chunyu, afande."

* * *

Barabara ya Chunyu ilipita katikati ya mashamba yaliyokuwa yakipuliziwa salfa. Moshi wa njano uliteleza juu ya maua. Watu walijitokeza ndani yake wakiwa nusu, kichwa au mguu, kisha wakapotea. Teddy alitazama nje ya gari bila kusema. Teofili aliendesha polepole, asije akamgonga mtu aliyemo ndotoni mwake.

Mama Mwamini alikuwa mbele ya nyumba akipepeta ufuta. Alipoona gari la polisi hakukimbia. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na viti, akavifuta vumbi kwa ncha ya khanga.

"Karibuni. Kaeni kwanza. Mmetoka mbali."

"Asante, mama," alisema Inspekta. "Mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa?"

"Uliomba ruhusa kwa ajili ya mgonjwa."

"Yupo shamba, anapuliza." Mwamini hakumtazama Teddy. "Ugonjwa wake si wa kulala."

"Ni mwanao?"

"Mwanangu."

"Bashiri?"

Yule mama akajishika kifua. "Kumbe mnamjua."

"Tulimsikia akitajwa. Na wewe ulimsikia akitajwa, jana mchana, pale barazani."

Kuku alipita katikati yao, akadonoa punje za ufuta, akaenda zake.

"Mama, unga wa mtama huwekwa mahali wakati gani?"

"Unapoomba, afande."

"Uliomba nini chumbani kwa huyu binti?"

"Radhi." Sauti yake ilishuka. "Kitu cha mtu hakichukuliwi kimya kimya. Niliweka unga, nikasema, nisamehe, sina njia nyingine."

Teddy akaruka kitini. "Ni wewe, mama? Wewe?"

"Kaa, mwanangu," Inspekta alimwambia. Akamgeukia Mwamini. "Si lazima useme neno. Ukisema, litaandikwa. Unaelewa?"

"Naelewa. Nitasema, maana limenikaa kooni tangu jana." Akavuta pumzi. "Bashiri kasoma uhasibu pale Nachingwea. Baba yake aliuza shamba la bondeni. Akamaliza vizuri, tukachinja mbuzi. Toka hapo, anaomba kazi huku, kimya. Anaomba kule, kimya. Anaitwa usaili Mtwara, anarudi na viatu vimeisha soli. Kila mtu kijijini ananiambia, mwanao kafungwa, tafuta aliyemfunga. Nikatafuta. Nikalaumu jirani, nikamlaumu shemeji yangu mpaka tukaacha kusalimiana. Halafu jana nafagia, namsikia huyu mtoto ninayempenda anasema kwa kinywa chake: Bashiri wa Chunyu nimeshamfunga. Anacheka na simu! Tena kesho anamfunga Habibu wa watu!"

"Kwa nini hukumwuliza?"

"Mchawi anaulizwa, afande?"

Teofili alikohoa. Inspekta akamtupia jicho.

"Juzi usiku nilikuwa nimemwona anakigusagusa kile kidude, majina ya vijana wetu yamo yote. Nikajua wamefungiwa humo. Jioni nikatumia ufunguo wa usafi. Simu yake sikuitaka, pochi sikuitaka." Sasa alimtazama Teddy, na machozi yalikuwa yakimtiririka. "Na nguo zako zilikuwa nje. Hata mchawi anaugua kifua akivaa nguo za umande."

Teddy akateremka kitini, akapiga magoti mbele yake.

"Mama, si uchawi. 'Kufunga' ni kitufe tu. Nilimpigia simu hakupatikana."

"Huku simu haishiki mpaka upande kilimani."

"Sikujua." Teddy aliinamisha kichwa. "Sikuja. Nilitakiwa nije, nikaona ni mbali, nikamfunga."

Mwamini alimtazama muda mrefu. "Basi sikukosea sana," alisema.

Kishikwambi kilikuwa makaburini, nyuma ya shamba, juu ya kaburi la babu yake Bashiri. Mwamini alikuwa amekiviringisha kwenye khanga mpya, akakifunika kwa beseni kisipate baridi, akamwomba mzee amfungue mjukuu wake. Inspekta alikiinua kwa mikono miwili. Kilikuwa kimezima, baridi kama jiwe la mtoni. Teddy alifumba macho mpaka walipofika nyumbani na kukichomeka kwenye umeme wa jua wa Bashiri.

Kikakaa. Kikakaa tena. Kisha kioo kikawaka, na Teddy akalia kwa sauti kama mtoto mdogo. Majina yote yalikuwemo.

"Afande, mimi sina lalamiko," alisema alipoweza kusema. "Andikeni hivyo."

"Tutaandika kilichotokea," alijibu Inspekta. "Mama atakuja kituoni kutoa maelezo, na wewe utatoa yako. Lakini si leo."

Bashiri alirudi kutoka shambani nyusi zikiwa za njano kwa salfa. Walimweleza. Alimtazama mama yake, akaenda kuketi kando yake na kumshika mkono. Teddy akalifungua dodoso upya.

"Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote?"

"Andika natafuta," alisema Bashiri.

"Andika anafanya!" Mwamini akadakia. "Toka alfajiri hajakaa chini. Kijiji kizima wanamwita awapimie dawa, wengine wanazidisha, mikorosho inaungua."

"Mama, hiyo si kazi niliyosomea."

"Mikorosho imekuuliza cheti?"

Wakacheka wote, hata Teofili, na Teddy akaandika yote mawili, maana yote mawili yalikuwa kweli. Moshi wa salfa ulikuwa umetulia sasa, na jua la jioni likawa linaingia polepole ndani yake kama linavyoingia ndani ya asali.

"Na wewe, dada?" Bashiri aliuliza. "Ulisomea kazi hii?"

"Mimi? Nilisomea ufugaji wa nyuki." Teddy alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Mkataba huu ni wa miezi michache. Ukiisha, sijui."

"Chuo chako kilishakuuliza unaendeleaje?"

"Hakuna aliyewahi kunipigia."

Inspekta Getruda alikuwa amesimama ili waondoke. Akaketi tena. Aliuvuta mkono wa Teddy taratibu, akakichukua kile kishikwambi, akakiweka magotini pake na kutafuta miwani yake mfukoni.

"Kuuliza ndiyo kazi yangu," alisema. "Haya, mwanangu. Jina lako kamili?"