Antena Ilielekea kwa Ornella

Ile Sauti ilirudi hewani Viviane akiwa juu ya moto, pikipiki ya abiria, katikati ya mtaa wa Bigo.

"Kwa kona kuko ba-soda. Mugeuke."

Ba-soda ni askari. Viviane alimgonga motari, dereva wake, begani. Pikipiki ikasimama kando ya barabara, vumbi likawapita.

Mtaani Viviane alijulikana kama muuza vitenge. Kwa kweli alikuwa jasusi wa idara ya usalama, na asubuhi hiyo mkuu wake, Baudouin, alimpigia simu na kumwambia kwamba mafuta yanafika leo. Maana yake ilikuwa lori kutoka mpakani: madumu ya mafuta ya kupikia juu, bunduki chini. Mtu fulani ndani ya Bunia alikuwa akiliongoza kwa redio, akilikwepesha askari. Likifika kwa waliolisubiri, vijiji vingechomwa.

Hakuna aliyeitambua Sauti. Ilikuwa ya kunong'ona, haikujulikana kama ni ya mwanamume au ya mwanamke. Na tangu redio za bei nafuu zijae sokoni, kila mtu alikuwa anajifunza kuongea hewani: walimu, mafundi, akina mama wa vitenge. Kila siku sauti mpya. Adui alijificha katikati ya wanafunzi.

Viviane alifungua mfuko wake. Ndani mlikuwa na bastola ya Makarov, redio ndogo ya Baofeng ambayo bei yake haifiki ya mbuzi, na antena aliyoiunda mwenyewe kwa bomba la plastiki na vipande vya mita ya seremala, ule utepe wa chuma wa kupimia. Ukiielekeza penye sauti, inasikia. Ukiigeuza, inapiga kelele tu.

Fiston ndiye aliyemfundisha kuiunda. Wakati ule Fiston alikuwa mchumba wake.

Sasa Fiston, mwalimu wa klabu ya redio, alikuwa wa Ornella. Ile redio kubwa ya Yaesu aliyomwahidi Viviane ilikuwa juu ya meza ya Ornella, kule mtaa wa Rwambuzi, na mlingoti wa antena yake ulionekana toka mbali.

Sauti ikanong'ona tena. Viviane akazungusha antena polepole.

Rwambuzi. Mlingoti wa Ornella, sawasawa.

Viviane alifurahi.

Simu ikalia.

"Nipatie nyumba," Baudouin alisema.

"Kwa Ornella. Ile iko na mlingoti."

"Uko na uhakika?"

"Ndiyo, chef."

Baudouin akamwambia askari wanatoka sasa hivi, na kwamba amri yao ni fupi: atakayekimbia, risasi.

Somo la kwanza la klabu lilikuwa kwamba mstari mmoja wa antena unapita juu ya mapaa mengi. Mpaka upige wa pili toka mahali pengine, hujui kitu. Viviane alilijua hilo vizuri. Lakini alipomwambia motari aende Rwambuzi, hakuwa na mstari wa pili kichwani. Alitaka kuona uso wa Ornella akitolewa nje.

Alishukia barabarani nyuma ya nyumba. Juu ya ua wa matete alimwona Ornella akianika nguo.

Shati la Fiston. Lile la bluu.

Hapo hapo Sauti ikanong'ona ndani ya Baofeng. "Mungoje. Ba-soda banahama."

Ornella alikuwa ameshika shati kwa mikono yote miwili. Mdomoni alibana vibanio vya nguo.

Viviane alielekeza antena kwake. Kelele tupu. Akageuka na kuipa nyumba mgongo. Sauti ikaja safi, kama mtu aliye karibu.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na depo, ghala la kuta za matofali. Ya Hubert, mgeni aliyenunua dhahabu ya wachimbaji na kusalimia kila mtu kwa jina. Mstari kutoka Bigo ulipita juu ya Ornella, ukaishia kwa Hubert.

Gari la askari lilisikika likipanda mtaa.

Viviane alikuwa na simu mkononi. Angenyamaza kidogo tu, askari wangeingia kwa Ornella. Hakuna ambaye angemuuliza.

Akampigia Baudouin.

"Chef, simamisha askari. Si kwa Ornella. Ni depo ya Hubert."

"Sasa hivi uliniambia—"

"Niliongea na wivu, chef. Simamisha."

Kule chini, gari likafunga breki.

"Ingia," Baudouin alisema.

Viviane alipitia mlango wa nyuma wa depo, Makarov mbele. Hubert alikuwa ameinama kwenye redio, mgongo wake ukiwa wazi. Alihisi chuma cha baridi shingoni.

Viviane alimweleza taratibu maneno ya kusema. Hubert akabonyeza redio, akaliambia lori kwa ile Sauti kwa mara ya mwisho.

"Njia ni safi. Mupite kwa daraja."

Darajani askari wa Baudouin walikuwa wamejilaza majanini, wakilivizia. Baadaye simu ya Baudouin ikaleta maneno mawili: mafuta yamepatikana. Alipoongeza kwamba watazungumza juu ya ule wivu ofisini, Viviane alijibu kwamba anajua.

Askari walimtoa Hubert na pingu. Majirani walijaa barabarani, Ornella akiwa mbele yao, mikono ikiwa na povu la sabuni.

"Yaya Viviane," alisalimia, kama mtu anayemwita dada yake mkubwa. Akauliza kuna nini.

Viviane alimjibu kwamba ni mambo ya mgeni na serikali, hayamhusu.

Ornella aliangalia ile antena ya mita ya seremala. Aliiangalia sana.

"Fiston anasemaka kila siku," alisema, "eti hakuna mutu alimufundisha akajua sawa na weye. Hata niguse ile Yaesu, anasemaka jina yako."

Hakutabasamu. Viviane alimtazama machoni na akayajua macho yale ya wivu. Aliyaona kila asubuhi kwenye kioo chake.

Angeweza kumwambia neno la kumtuliza. Hakumwambia.

"Umusalimie," alisema.

Akavaa miwani ya jua, akatupa mfuko begani, akateremka Rwambuzi kwa miguu bila kugeuka.