Aliyeomba Joto Ziwani

Mwanamke aliyewajia asubuhi ile hakutoa mvuke mdomoni. Flavia aliliona hilo mara moja, ila hakulitilia maanani. Ilikuwa Julai ya mwaka 2014, majira ya joto katika nchi ile, lakini baridi ilikuwa imeshuka ghafla pale ziwani, hata yeye, mumewe Jovini na binti yao Gracieuse wakawa wanafuka midomo kama masufuria. Mgeni alisimama kando ya hema, nguo zimemganda mwilini, maji yanamchuruzika.

"Dada, nisaidie joto kidogo," alisema.

Kwa Kiswahili. Tena Kiswahili cha Kigoma, kilekile ambacho Flavia, Mrundi, alikua nacho katika kambi ya wakimbizi. Moyo ulimruka kwa furaha. Tangu watoke Louisville walikuwa wameongea lugha hiyo na mtu mmoja tu, shemeji yake Liberati wa Columbus, aliyewaazima hema. Safari yenyewe ilikuwa ya Gracieuse. Wenzake wa shule walikuwa wakisimulia jinsi walivyolala kando ya ziwa, naye akataka. Flavia alinung'unika kwamba mtu aliyekulia chini ya turubai hana sababu ya kulirudia, lakini Jovini alikuwa amepata mapumziko kazini, na shangazi yake alikuwa akiwangoja Buffalo. Wakaja.

"Umetoka wapi, dada?"

"Hapo," mgeni akasema, akielekeza kidevu majini.

Flavia hakuhoji zaidi. Kambini, mtu akitetemeka mlangoni kwako unamfunika kwanza. Alichukua blanketi alilojifunika Gracieuse, akamvisha mgeni mabegani. Vidole vyao viligusana, ikawa kama ameshika samaki aliyetolewa kwenye barafu. Mgeni hakushukuru. Alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akatabasamu, akaondoka kwa kufuata ufuo. Harufu ya tope ikabaki.

Walipokunja hema na kushika njia ya Buffalo, Gracieuse aliegemea dirisha. Alipenda kupuliza kioo cha gari na kuchora kwa kidole. Sasa alikuwa ameweka mdomo kiooni, anapuliza, anapuliza tena, na kioo kinabaki safi.

"Una nini, mwanangu?"

"I'm okay, Mama."

Flavia alimshika shavu, akaondoa mkono upesi. Jovini alifungulia joto la gari hadi mwisho, jasho likamtiririka shingoni, na bado kule nyuma kulikuwa na baridi ya chini ya maji. Harufu ile ya tope ikaanza kupanda kutoka kwenye viti, na Flavia, akiwa amempakata mtoto na kumsugua mikono, akasikia karibu kabisa na sikio lake mtu akishusha pumzi ya raha, kama anayeketi jikoni baada ya kunyeshewa mvua, akageuka, akaona kiti kitupu na mizigo yao, akageuka tena kwa mtoto na kukuta macho yake yakiangalia mahali palepale.

"Jovini," alinong'ona. "Endesha tu. Usitazame nyuma."

Jovini alimpigia shangazi yake, Mama Kampire, kumuuliza hospitali iliyo karibu. Mama huyo wa maombi alisikiliza, kisha akasema, "Mpitisheni hapa kwanza. Mlango wangu uko njiani."

Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Black Rock mle Buffalo, karibu na mto. Alimlaza Gracieuse sebuleni, akamgusa paji la uso, akamgeukia Flavia.

"Mlimpa nani kitu?"

Flavia alieleza.

"Blanketi ni kitu kidogo. Ulilitoa likiwa na joto la mtoto ndani yake. Atakuja, maana hajashiba. Mimi nitaomba, lakini wewe uliyetoa ndiwe utakayemnyang'anya."

"Na akikataa?"

"Hatakataa. Ataomba. Hiyo ndiyo kazi yake."

Mama Kampire alianza kuomba kwa sauti ya chini, na Jovini akaitikia huku meno yakigongana. Mchana mweupe ule sebule ikapoa. Mlango ukabishwa, taratibu, kama anavyobisha jirani.

Flavia alifungua. Mwanamke alikuwa barazani, blanketi mabegani. Mashavu yake yalikuwa yamejaa, nguo zimekauka, na mdomoni mwake mvuke ulikuwa ukitoka mzito kama wa chai.

"Nirudishie," Flavia alisema.

"Dada. Utanivua kwenye baridi hii?"

Flavia alishika pindo, akavuta, na blanketi lilikuwa zito kama limelala ziwani mwaka mzima, na mwanamke hakushindana naye ila alilishikilia kwa vidole viwili, akilia, akimwita dada, akimkumbusha usiku wa kambini walipolala watatu chini ya shuka moja na aliyelala pembeni asiamke, mambo ambayo Flavia hakuwahi kumsimulia hata mumewe, na Flavia aliendelea kuvuta huku naye akilia, hadi vile vidole vikaachia.

Baraza ilikuwa tupu, imelowa. Ndani, Gracieuse alikohoa, akaanza kutokwa na jasho, akasema ana njaa.

Walikaa kwa Mama Kampire hadi mtoto akapata nguvu. Siku ya kurudi, Jovini alisimama kujaza mafuta kwenye kituo kilicho kando ya ziwa. Gracieuse alikuwa amelala, mwili moto vizuri. Flavia aliinua macho.

Kwenye gari la mbele, mwanamke aliyelowa alikuwa akizungumza na mzee mmoja Mzungu. Aliongea Kiingereza laini, kama mzaliwa wa palepale. Mzee alikuwa akivua koti.

Flavia alishusha kioo. "No! Don't give! Please!"

Mzee alimtazama kama mtu anavyomtazama asiye na huruma. Kisha akamvisha yule mwanamke koti, akalifunga hadi shingoni, akabaki amesimama pale kwenye jua akisugua viganja vyake.