Kilimi cha Jephté

Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mtaa wa Rughenda, Godelive alikuwa akichagua maharagwe mbele ya nyumba. Mtoto wake Jephté, wa miaka miwili, alikuwa mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Siku nyingine angenyoosha mkono ayamwage maharagwe yote. Leo alitulia. Alikohoa tu, na joto lake lilipenya nguo.

Thérèse, mama mkwe wake, alikuwa amefika jana kutoka Kirumba. Alimfungua mtoto kinywa, akachungulia.

"Kilimi yake imekuwa murefu," alisema. "Njo inamukohoza. Kesho tunaenda kwa ule muzee anakataka kilimi. Ni dakika moja tu."

Godelive aliacha maharagwe. "Mama, Aurélie tulimukata."

"Aurélie, Mungu alimupenda."

Aurélie alikuwa binti yake wa kwanza. Walimkata kile kinyama kinachoning'inia kooni. Akatema damu siku tatu, kisha wakamzika. Watu bado walimwita Godelive Mama Aurélie, naye bado aliitika.

"Safari hii hapana," alisema polepole. Hakuwa amewahi kumkatalia mama mkwe wake neno.

Akaenda kwa jirani yao Mathe, aliyefundishwa na kituo cha afya kutunza watoto wagonjwa wa mtaa. Thérèse alimfuata akinung'unika, "Bamama ba leo banajua yote."

Mathe alimfunua Jephté kifua. Akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima.

"Makumi ine na munane. Kwa mutoto wa myaka mbili, kuanzia makumi ine ni mingi. Mikrobe imefika mu mapafu."

"Na kilimi?" aliuliza Thérèse. "Nimeiona na macho yangu. Imevimba."

"Imevimba sababu koo iko kazini, mama. Mu mwili kuko salongo kila siku, sawa vile batu ba mutaa banafanya usafi pamoja. Ute unakamata mikrobe sawa vile matope inakamata kiatu. Kisha kuko nywele kidogo sana, hatuzione, zinafagia ule ute kuja juu. Kikohozi inautupa inje. Mikrobe ikipita pale, damu inaleta chembe nyeupe zinaimeza. Ile joto ni alama ya ile kazi."

"Kumbe mwili yenyewe inajua kujitetea. Basi sababu gani Aurélie..." Thérèse hakumaliza.

"Mara ingine mikrobe inazidi bafanyakazi. Pale njo mwili inaomba dawa. Lakini kukata kilimi ni kama kuja ku salongo na kukata mukono wa mwenye kufagia. Ugonjwa unabaki mu mapafu, na kidonda mupya inafungulia mikrobe mulango."

Thérèse aliketi chini. Alitazama mikono yake.

"Mimi njo nilimubeba kule," alisema.

Godelive aliketi karibu naye. "Mama, hatukujua. Sisi wote."

Mathe alitoa amoksisilini ya siku tano, asubuhi na jioni. "Akikataa kunywa, ao kifua ikibonyea wakati anavuta pumuzi, mukimbie hôpital palepale. Na mbabula ya makala mutoe mu nyumba. Moshi inachokesha zile nywele."

Siku ya tatu joto liliisha. Godelive alidhani wangeweza kuacha dawa. Ni Thérèse aliyeleta kikombe.

"Imebaki siku mbili," alisema. "Hapana kuacha salongo katikati."

Siku ya sita Jephté aliyamwaga maharagwe yote. Godelive aliyaokota moja moja, bila kumkemea.

Kabla ya kurudi Kirumba, Thérèse alikwenda kwa Mathe. "Unifundishe kusoma saa," alisema. "Kwetu batoto benye kukohoa ni bengi."

Godelive alimshika Jephté asichezecheze. Mathe alimpa Thérèse saa yake, naye akaufuata mshale mwembamba mpaka ukamaliza mzunguko, midomo yake ikihesabu pumzi.

"Makumi mbili na munane," alisema.

"Ni muzuri, mama," alisema Mathe. "Amepona."

Thérèse hakurudisha saa. Alimfunua mjukuu wake kifua, akahesabu tena.