Mnyoo Ndani ya Moyo wa Soksi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, msichana Sindano alisafisha kizimba cha Soksi, kicheche wa kufugwa mwenye miguu myeupe. Marehemu baba yake ndiye aliyemleta nyumbani. Asubuhi moja Soksi hakuzing'ata kamba za viatu vya Sindano kama kawaida. Alilala ubavu, akikohoa, tumbo likipanda na kushuka.

"Uzee huo. Mwache ajifie," alisema baba yake mdogo, aliyeishi nao.

"Ana miaka mitatu tu, Baba mdogo! Hafi mtu hapa!"

Sindano akamtia kikapuni, akatoka. Mama na baba mdogo wakamfuata hadi kwa daktari wa mifugo.

Daktari alimsikiliza Soksi kifuani. "Anapata dawa ya kinga ya magonjwa ya mbu kila mwezi?"

"Bila kukosa," mama alijibu. "Binti hutia alama kwenye kalenda."

"Basi nitaanza na dawa ya mapafu."

Sindano akadakia. "Huenda siyo mapafu, Daktari. Alama nilitia, dawa sikutia. Miezi minane. Alikuwa ananiparura nikimtia, nikaona ndani ya nyumba hamna mbu."

Baba mdogo aliangua kicheko. "Kumbe! Na ulivyotufokea asubuhi!"

"Unicheke mimi," Sindano alisema, machozi yakimtoka, macho hayakuinama. "Mimi nimekosa. Soksi hajakosa kitu. Atibiwe."

Mama akamshika bega.

Daktari alipima damu, kisha akapitisha mashine ya picha kifuani. Kwenye kioo moyo ulidunda, na ndani yake uzi mwembamba ukicheza.

"Mnyoo wa moyo. Huletwa na mbu. Mbwa huenda akavumilia kadhaa, lakini moyo wa huyu hauzidi zabibu. Mmoja humuua. Atatumia dawa miezi mingi, na asirukeruke."

Miezi ikapita. Jirani aliyetaka kumchezesha Soksi alifukuzwa na Sindano mlangoni. Hata baba mdogo alijifunza kunyata.

Siku ya kipimo cha mwisho, kioo kilionyesha moyo mtupu, safi.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," daktari alimwambia. "Wewe uliyafichua huku ukichekwa. Ningetibu mapafu, tungemzika. Ukweli ulimwokoa kabla ya dawa yangu. Haya, mwezi ujao?"

"Dawa kwanza," alisema Sindano. "Kalenda itasubiri."